Sifuri ya Lini?

Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kuinua macho, kisha akalaza ankara mbili juu ya meza yangu na kuzisogeza hadi kingo zake zikagusana. Ya kwanza ilikuwa ya ndoo 40 za mafuta ya kula zilizopelekwa duka moja la Mbagala, Ijumaa saa kumi na dakika ishirini na tano jioni. Ya pili ilikuwa ya viroba 25 vya sukari vilivyochukuliwa na mteja wa Gongo la Mboto, Jumamosi ileile, saa tatu na dakika kumi asubuhi. Karatasi zote mbili zilikuwa na namba 88431.

"Mwanangu," akasema mhasibu, "ipi kati ya hizi ni ya kweli?"

Zote zilikuwa za kweli.

Ni wiki sita sasa tangu asubuhi hiyo. Kasoro yenyewe ilirekebishwa ndani ya siku nne, na hakuna mteja aliyepoteza mzigo wala shilingi. Kilichoninyima raha mimi, msimamizi wa seva za ghala lao, ni kwamba jioni ya Ijumaa, kabla sijaigeuza seva nakala, ile inayopokea nakala ya kila ankara, kuwa seva kuu, niliitazama dashibodi, yaani skrini ya hali ya seva, kama ninavyofundisha vijana waitazame, nikaona tarakimu niliyoitaka, nikaiamini. Dashibodi ilionyesha kwamba nakala imechelewa kwa sekunde sifuri.

Saa tatu kwa wakati mmoja

Ghala tunalolihudumia liko Vingunguti, si mbali na Barabara ya Nyerere. Seva kuu ya MySQL, programu ya kutunza kanzidata, iko humo humo ghalani, na nakala yake iko katika ofisi ya Mikocheni. Kila ankara inayoandikwa kaunta huingia kwenye kanzidata ya Vingunguti, kisha mabadiliko hayo husafiri hadi Mikocheni. Mpango huu umefanya kazi kwa miaka, na pengine ndiyo sababu hakuna aliyeuliza maswali.

Ijumaa hiyo umeme ulipepesa. Seva zote mbili zina betri, hazikutikisika. Ila ruta moja iliyo katikati ya njia haikuwa na betri. Ilizimika, ikawaka tena baada ya dakika moja, na ilipoamka ilikuwa imesahau mawasiliano yote iliyokuwa ikiyabeba. Dakika thelathini na nane baadaye kadi inayoendesha diski za seva kuu ilikufa. Nikapigiwa simu, nikafungua kompyuta, nikatazama dashibodi, nikaona sifuri, nikaipandisha cheo nakala ya Mikocheni. Kazi ilichukua dakika kumi na moja. Nakiri kwamba nililala usiku huo nikiwa najisifu.

Kutafuta dakika yenyewe ya ruta kulinichukua muda mrefu kuliko ilivyostahili, kwa sababu ya kichekesho ambacho kila msimamizi wa seva wa Dar es Salaam anakijua. Mlinzi wa ghala aliniambia umeme ulipepesa saa kumi na dakika tisa. Saa ya ukutani ilikuwa 16:09. Seva zetu huandika kumbukumbu zake kwa UTC, saa ya kimataifa iliyo nyuma ya yetu kwa saa tatu, kwa hiyo tukio liko 13:09. Nami, kwa uchovu, nilikwenda moja kwa moja kwenye 10:09, nikakesha dakika arobaini nikisoma matukio ya mchana ambayo hayakuwa na kosa lolote.

Ankara ya mwisho iliyofika Mikocheni ilikuwa namba 88418. Kuanzia hapo hadi kadi ya diski ilipokufa, kaunta iliandika ankara 31 nyingine, zikabaki Vingunguti. Jumamosi asubuhi seva mpya, isiyojua habari hizo, ilianza kuhesabu kutoka 88419. Mhasibu alipoingia ofisini kwangu, namba kumi na tisa zilikuwa tayari zimetumika mara mbili.

Karani na tarishi

Wanaoufahamu urudufishaji wa MySQL, yaani namna mabadiliko yanavyonakiliwa kutoka seva kuu hadi nakala, waniwie radhi kwa aya hii, lakini humu ndimo mtego ulimo, na mimi nilikuwa nimepita juu yake kwa miaka tisa.

Upande wa nakala kuna nyuzi mbili za kazi. Uzi wa kwanza ni tarishi: hushika mawasiliano na seva kuu, hupokea mabadiliko kutoka kwenye binlogi, kumbukumbu ambamo seva kuu huandika kila badiliko, na kuyaweka katika faili la kupokelea. Uzi wa pili ni karani: hulisoma faili hilo na kuyaingiza mabadiliko kwenye majedwali. Tarakimu tunayoitazama sote, ile iliyoitwa Seconds_Behind_Master na ambayo matoleo mapya ya MySQL yanaiita Seconds_Behind_Source, humpima karani. Hutazama wakati ulioandikwa kwenye badiliko analolishughulikia na kuulinganisha na saa ya sasa. Akiwa amemaliza kila alicholetewa, jibu ni sifuri.

Mwulize karani kama ana barua ambayo hajaiingiza kwenye rejista, atakujibu kwa unyoofu kabisa kwamba hana. Hajui kwamba tarishi amekaa kituoni anangoja basi ambalo liliacha kupita.

Tarishi wetu alikuwa akingoja. Ruta iliposahau mawasiliano haikumuaga mtu. Haikutuma neno lolote la kusema kwamba mazungumzo yamekwisha. Njia yenyewe ilikuwa nzima, kiasi kwamba ningeipima kutoka Mikocheni hadi Vingunguti ningepata majibu safi. Mazungumzo ndiyo yaliyokufa, na upande wa kupokea hauna namna ya kutofautisha seva kuu isiyo na la kusema na seva kuu isiyosikika, mpaka muda wa kungoja uliowekwa umalizike.

Muda huo ulikuwa sekunde 3600.

Saa nzima! Katika matoleo ya zamani hicho ndicho kilikuwa kiwango cha kawaida cha slave_net_timeout, mpangilio wa muda huo; kuanzia toleo la 5.7.7 kikashushwa hadi sekunde 60. Sisi tuliwahi kupandisha toleo mara mbili, lakini faili la mipangilio lilihamishwa kutoka mashine hadi mashine kama sufuria ya urithi, na ndani yake mtu fulani alikuwa ameandika 3600 waziwazi. Nimetafuta nani aliyeiandika. Ni mimi, mwaka wa kwanza wa kazi.

Swali ambalo sikuwa nalo

Jumatatu tulipata kadi ya diski ya aina ileile, seva ya zamani ikaamka, na ankara zote 31 zilikuwemo salama. Watu wa ghala walishangilia. Mimi nilijua kwamba sasa tuna vitabu viwili vinavyodai kuwa kitabu kimoja.

Nilimweleza mhasibu habari ya karani na tarishi. Alisikiliza hadi mwisho, maana ni mtu wa kusikiliza, kisha akaomba nimwonyeshe ile dashibodi. Nikamfungulia picha ya Ijumaa. Akavaa miwani, akasogea, akaitazama sifuri kubwa ya kijani kwa muda.

"Sifuri hii ni ya lini?"

Nikamwambia ni ya Ijumaa jioni. Akatikisa kichwa. Akasema picha ndiyo ya Ijumaa jioni, yeye anauliza sifuri. Katika kazi yake, akaeleza, hakuna mtu anayeandika kwamba hesabu ziko sawa akaishia hapo. Mizania huandikwa kuwa ni ya kufikia tarehe fulani, usuluhisho wa benki huandikwa kuwa ni wa kufikia tarehe fulani, na mkaguzi akikuta karatasi isiyo na tarehe huirudisha bila kuisoma. "Wewe unaniambia nakala iko sawa. Iko sawa hadi saa ngapi?"

Sikuwa na jibu, na sikuwahi kulitafuta.

Nimefikiri sana kwa nini swali hilo halikunijia mimi. Nadhani ni kwa sababu sisi tunaotunza seva tumezoea kuuliza umbali: nakala iko nyuma kiasi gani? Umbali ni tofauti kati ya vitu viwili, na ukishapoteza habari ya kimoja, tofauti hiyo haina maana tena ingawa tarakimu inaendelea kuonekana. Mhasibu haulizi umbali. Anauliza mahali ulipofika, na mahali ulipofika panajulikana hata kama mwenzako amekwisha kutoweka.

Niliporudi nyumbani nilijaribu kujitetea kwa PostgreSQL, programu nyingine ya kanzidata, ambayo tunaitumia kwa mteja mwingine. Huko kuna kitendakazi kinachotoa wakati wa muamala wa mwisho uliotekelezwa kwenye nakala, na watu wengi hutoa wakati huo kwenye saa ya sasa ili kupata ucheleweshaji. Angalau hapo tarehe ipo, nikajiambia. Lakini kosa la njia hiyo limegeukia upande wa pili: usiku, duka likifungwa na hakuna anayeandika chochote, tofauti inakua saa baada ya saa, na nakala iliyokamilika kabisa inaonekana kuwa imeachwa nyuma tangu magharibi. Kijana wetu wa zamu aliwahi kuamshwa saa nane usiku na kengele ya namna hiyo. Alipochoka, aliizima. Ya MySQL ilininyamazia palipokuwa na tatizo, ya PostgreSQL ilipiga kelele pasipo na tatizo, na zote mbili zilikuwa zikijibu sawasawa swali ambalo halikuwa letu.

Sekunde 43

Katika wiki hizi nimesoma upya taarifa ambayo GitHub, huduma ya kuhifadhi msimbo wa programu, waliitoa baada ya mkasa wao wa Oktoba 21, 2018. Wakati wa kubadilisha kifaa cha mtandao, mawasiliano kati ya kituo chao kikuu cha data cha pwani ya mashariki ya Marekani na kitovu cha mtandao yalikatika kwa sekunde 43. Mfumo wao wa kujiongoza ukaona seva kuu za MySQL hazisikiki, ukazipandisha cheo nakala za pwani ya magharibi. Mawasiliano yaliporudi, kila pwani ilikuwa na maandishi ambayo nyingine haikuwa nayo. Huduma ilidhoofika kwa saa 24 na dakika 11.

Niliisoma mara ya kwanza miaka iliyopita kama hadithi ya wakubwa. Safari hii nilisimama kwenye jambo dogo lililo karibu na mwisho: walitenga binlogi zenye maandishi yaliyobaki mashariki, wakayahesabu, na wakasema wazi kwamba katika mojawapo ya makundi ya seva yenye shughuli nyingi zaidi yalikuwa 954. Walijua nakala ilifika wapi, na walijua kilichobaki ng'ambo. Mimi nilijua ankara 31 kwa sababu tu mhasibu alizihesabu kwenye karatasi.

Nakala ya kaboni

Kwa kuwa neno letu la nakala ni hilihili, nilijikuta nikikumbuka vitabu vya ankara vya zamani: karatasi nyeupe juu, ya waridi katikati, ya njano chini, na kaboni katikati yake. Ukibonyeza kalamu, zote tatu zinaandikwa kwa pigo moja. Hakuna nakala inayochelewa. Ndiyo maana wazo la kwanza la bosi lilikuwa kwamba seva nazo zifanye hivyo. Kaunta isikubali ankara mpaka Mikocheni ithibitishe kuwa imeipata.

Inawezekana, na nilimpa bei yake. PostgreSQL ukiiambia isubiri nakala, itasubiri kweli; ikiwa nakala ni moja tu nayo imezimika, kila anayeandika ataganda hadi nakala irudi au mtu aingilie. MySQL ina njia ya kati: seva kuu husubiri uthibitisho kwamba badiliko limepokelewa, lakini usipofika ndani ya muda uliowekwa, ambao kwa kawaida ni sekunde kumi, hurudi kwenye mwendo wa kutosubiri na biashara inaendelea. Kwa maneno mengine, ruta yetu ingesahau mawasiliano saa kumi na dakika tisa, kaunta ingeganda sekunde kumi, halafu tungekuwa palepale tulipokuwa, isipokuwa kwa mstari mmoja kwenye kumbukumbu ambao hakuna anayeusoma.

Bosi aliuliza swali moja tu: "Magari yatasimama?" Magari ndiyo kila kitu Vingunguti. Fuso tatu zikikwama getini, foleni inafika barabarani, na mzigo wa mafuta unakaa juani. Nikamjibu kwamba kwa ile ya kusubiri kabisa, ndiyo, yatasimama kila mawasiliano yanapokatika. Nikamkumbusha pia Mei 12, 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika na intaneti nchini ikadorora kwa siku kadhaa. Tungekuwa tumefuata ushauri wa kuweka nakala ya kusubiriwa nje ya nchi, ghala lingekuwa limefungwa kwa kosa lililotokea chini ya bahari.

Tukaamua kubaki na mwendo wa kutosubiri. Sijaona aibu kwa uamuzi huo. Ninachoona aibu ni kwamba kwa miaka tisa tulikuwa ndani yake bila kuwa tumeuamua.

Pengo na mapacha

Zilibaki zile namba kumi na tisa. Hapa nilitaka kuwa mjanja, nikapendekeza ankara za Jumamosi zipewe namba mpya. Mhasibu alikataa: wateja wote wanazo karatasi mkononi, na risiti za EFD, mashine ya kodi, zimeshatoka zikiwa na tarehe na saa zake. Huwezi kubadilisha karatasi iliyo kwenye droo ya mtu Gongo la Mboto. Basi tuliziingiza ankara 31 za Ijumaa kwenye seva mpya moja moja, tukizilinganisha na risiti, na nikaongeza safu ya pekee ya namba iliyochapishwa ili isitegemee tena ile inayozalishwa na kanzidata yenyewe. Safu hiyo ilipaswa kuwepo tangu mwanzo. Namba ya ankara ni mali ya mhasibu; ile ya kanzidata ni yangu; nilizichanganya kwa uvivu.

Kwa siku zijazo nilipendekeza kwamba tukiipandisha cheo nakala, tuanze kwa kuruka namba elfu moja mbele, ili zile zilizobaki upande wa pili zisije zikagongana na mpya. Nilitegemea ubishi, kwa kuwa wahasibu hawapendi mfululizo wenye shimo.

"Pengo nitaliandikia maelezo," akasema. "Mapacha nitawaeleza vipi kwa mkaguzi?"

Mapigo

Dawa yenyewe ni ya zamani na ni rahisi kiasi cha kuudhi. Kwenye seva kuu unaweka jedwali lenye mstari mmoja, na kila sekunde unauandikia saa ya sasa. Mstari huo unasafiri kwenye binlogi ileile inayobeba ankara, kupitia tarishi yuleyule na karani yuleyule. Ukiusoma kwenye nakala, unakuonyesha nakala ilifika wapi, liwe limetokea lolote njiani. Percona Toolkit, mkusanyiko wa zana za MySQL, ina programu ya kazi hii, pt-heartbeat, ambayo nilikuwa nikiifahamu kwa jina tangu zamani na kuihesabu kuwa ni ya watu wenye seva mia.

Mwanzoni sikuitumia. Nilitaka kuandika mapigo kwa ratiba ya ndani ya MySQL, na ilifanya kazi vizuri hadi nilipofanya jaribio la kupandisha cheo nakala: moyo ukasimama. Ratiba zinazofika kwenye nakala kwa njia ya urudufishaji huwa zimezimwa kwa makusudi, na hazijiwashi kwa kuwa tu nakala imepanda cheo. Nikaiacha njia hiyo, nikasimamisha pt-heartbeat. Nikahakikisha pia saa za mashine zote mbili zinarekebishwa na chanzo kimoja, maana mapigo yanayoandikwa na saa mbovu ni uongo mwingine mpya. Na sekunde 3600 nimeziandika 20.

Dashibodi haina tena sifuri. Ina sentensi moja: "Mikocheni ina kila kitu hadi saa 10:09:41 jioni." Mhasibu ndiye aliyesisitiza iwe saa ya Kiswahili, alisema hataki kutoa tatu wala kujumlisha sita ili kujua kama vitabu vyake viko salama. Niliona ni mzaha, lakini nimeiandika hivyo, na nimegundua kwamba hata mimi naisoma haraka zaidi.

Ijumaa iliyopita umeme ulipepesa tena. Nilikuwa Mwenge, nimesimama kwenye daladala, simu mfukoni. Kengele yangu nimeiweka ilie baada ya dakika mbili, ili isimwamshe mtu kwa kila kikohozi cha mtandao. Simu iliita kabla ya hapo.

"Mwanangu, hujambo? Saa yako imeganda saa nane na dakika ishirini na mbili. Nimewaambia kaunta waendelee, ila karatasi za kuanzia hapo wanawekea pembeni."